Samadi ya Siku Ishirini na Moja

Palikuwa na nchi moja, na mpaka leo ipo, ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa na mtu aliyeketi. Kwa kuwa sijui wewe msomaji umekaaje saa hizi, sitalitaja, nisije nikakuponza. Itoshe kusema ilikuwa nchi nzuri, yenye masika na vuli, ng'ombe wengi na viongozi wengi zaidi.

Katika nchi hiyo hapakuwa na wizara iliyoheshimiwa kama Wizara ya Haraka. Iliundwa siku ambayo Mlezi Mkuu wa nchi, akiwa anangoja chai yake ipoe, aligundua kwamba taifa limechelewa. Mara methali zote za uzembe zikapigwa marufuku. Aliyesikika akisema haraka haraka haina baraka alipelekwa kuponda kokoto. Vitabu vya shule vikasahihishwa, na watoto wakafundishwa kwamba mstahimilivu hula makombo.

Waziri wa Haraka alikuwa Mheshimiwa Fulgensi Tunukiwa, mtu mwenye sauti nzuri na shahada nne, zote alizozipata katika juma moja. Huyu ndiye baba wa Azimio la Siku Ishirini na Moja. Kabla ya Azimio, samadi ya ng'ombe ililundikwa ikakaa miezi mitatu au minne mpaka ikaiva, ikawa mboji, ndipo ikapelekwa shambani. Mheshimiwa aliliona jambo hilo kuwa ni aibu.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya kulizindua, "katika miezi minne mbuzi anakaribia kuzaa, na sisi tumekaa tunatazama kinyesi. Je, wazee wetu walipigania uhuru ili tutazame kinyesi?"

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, kwa sababu makofi yalikuwamo kwenye ratiba. Kuanzia siku ile, samadi yote ya nchi ikaamriwa kuiva katika siku ishirini na moja, na mtu yeyote atakayesema haijaiva akawa na kosa linaloitwa Kukanusha Kuiva.

* * *

Pelagia wa kijiji cha Ruvumbi hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa na ng'ombe watano, shamba la migomba na maharage, na mume aliyeitwa Teofili, ambaye alikuwa bwana shamba wa tarafa nzima. Teofili alikuwa mtu wa kuamkia mashamba kabla ya kuwaamkia wenye mashamba. Alipenda kitu kimoja kupita vyote, nacho ni biwi la mboji lililopangwa vizuri: tabaka la mabua, tabaka la samadi, majivu kiganja kimoja, udongo wa juu, maji, kisha unarudia tena mpaka lifike kifuani, halafu unalifunika kwa majani ya migomba.

Kisha alichomeka kijiti. Kilikuwa kijiti cha mti mgumu, kirefu kama mkono, kimechongwa ncha, na alikiingiza kwa ubavuni mpaka kikafika tumboni mwa biwi. Kila baada ya siku kadhaa alikichomoa, akakishika, akakinusa. Kikitoka cha moto, biwi linafanya kazi, liache. Kikitoka cha baridi na kunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua, imeiva, ita watu wabebe. "Biwi halina wizara," alizoea kusema. "Linakwambia lilivyo."

Kwa maneno ya namna hiyo mtu hafiki mbali.

Mheshimiwa Tunukiwa alipokuja Ruvumbi kukagua biwi la kwanza la siku ishirini na moja, Afisa Samadi wa tarafa, kijana mtaratibu aitwaye Gervasi, alimpanga Teofili achomoe kijiti mbele ya halaiki. Gervasi alifundishwa kazi na Teofili mwenyewe, akaona anampa mwalimu wake heshima. Teofili akachomoa. Kijiti kikatoka kinafuka moshi.

"Bwana Shamba," Mheshimiwa akamsogezea kipaza sauti, "liambie taifa."

Teofili alikitazama kijiti, akamtazama Mheshimiwa, akasema la haki. "Bado haijaiva, Mheshimiwa. Ukiimwaga hii shambani itaunguza mazao. Na mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe bado ni nzima, zitaota zote."

Inasemekana hata bendi ilinyamaza, nayo ilikuwa haijaanza kupiga.

* * *

Alihukumiwa siku ishirini na moja katika Gereza la Mavuno. Kazi ya huko ilikuwa kubeba samadi mbichi kichwani kutoka zizi la serikali na kuipanga kwa mikono mitupu. Teofili alikuwa na kifua, na Pelagia aliwaambia hivyo askari, nao wakaandika vizuri kabisa katika daftari: ana kifua.

Siku ishirini na moja zikatimia. Hapo ndipo Pelagia alipoelezwa kwamba mfungwa wa samadi hatoki kwa kutimiza siku tu. Hutoka baada ya Waziri kujaza Fomu ya Kuiva, kuthibitisha kwamba mfungwa naye ameiva. Akaichukua ile fomu mwenyewe akaenda nayo makao makuu.

Alikaa siku tatu kwenye benchi la Wizara ya Haraka, chini ya ubao ulioandikwa HAPA HATUNGOJI. Siku ya tatu fomu yake ikarudishwa kupitia dirishani. Mahali pa maelezo ya Waziri palikuwa na neno moja, kwa wino wa kijani: Bado.

"Bado nini?" Pelagia akauliza.

"Mama, na wewe," alisema katibu muhtasi, akifunga dirisha. "Mheshimiwa alikuwa anawahi kukata keki ya Wizara. Shukuru kaandika."

Basi tazama nchi ile ilivyokuwa. Kinyesi cha ng'ombe kiliiva kwa siku ishirini na moja, ila bwana shamba wa miaka ishirini na sita kazini hakuiva. Teofili alifariki siku ya thelathini na nane. Alitoka gerezani siku ya arobaini na mbili, kwa kuwa fomu zilishughulikiwa kila baada ya siku ishirini na moja, na marehemu hakuwa na fomu ya dharura.

Mazishini, katikati ya migomba ya shamba lao, Pelagia hakulia kama watu walivyotegemea. Waombolezaji walipotawanyika alivua viatu, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kupanga biwi: mabua, samadi, majivu, udongo, maji. Wifi yake Restuta, dada wa marehemu, alimkuta amekwisha funika majani ya migomba na anachomeka kijiti cha Teofili.

"Wifi, leo leo?"

"Leo," alisema Pelagia. Ile fomu yenye wino wa kijani alikuwa ameikunja, akaitia katika kopo la majani ya chai. "Na yule mtu, wifi, atakula alichokipika. Hata kama nitampakulia kwa mkono wangu."

* * *

Wakati huo taifa lilikuwa linajiandaa kwa Jubilei ya Mlezi Mkuu. Kila wizara ilitakiwa itoe zawadi. Wizara ya Maji ilichonga sanamu yake ya barafu, nayo habari yake katika joto lile unaikisia. Mheshimiwa Tunukiwa akaja na jambo ambalo halijawahi kuonekana: Uso wa Taifa. Katika uwanda wa ekari arobaini nje ya makao makuu angepanda mboga kwa ustadi hivi kwamba mtu akipita juu kwa helikopta ataona uso wa Mlezi Mkuu, umetabasamu. Ngozi ingekuwa ya kabichi, nyusi za maharage, midomo ya vitunguu. Kichwani hapangepandwa kitu, kwa kuwa Mlezi Mkuu alikuwa na kipara, na kidevuni kabichi zingepangwa kwa karibu sana kwa kuwa alinyoa kila siku.

Kilichokosekana ni samadi. Mheshimiwa alitaka samadi ya siku ishirini na moja, tena yenye historia.

Pelagia akaandika barua. Gervasi ndiye aliyemsaidia kupanga maneno makubwa, bila kujua anasaidia nini. Barua ilisema yeye ni mjane wa yule mkanushaji, kwamba kifo cha mumewe kimemfumbua macho, na kwamba anaomba kulitumikia Azimio kwa ng'ombe wake wote watano.

Mheshimiwa Tunukiwa alipoisoma alitokwa machozi. Ikasomwa redioni. Pelagia akapewa kofia, bendera ya kutundika zizini, na cheo cha Mjane Aliyeelimika.

Kijiji hakikumsamehe. Kisimani wanawake walimpisha kama unavyompisha mtu mwenye upele. Restuta alikuja mpaka mlangoni akakataa kuingia.

"Kaka yangu hajaoza vizuri, wewe umeshavaa kofia yao."

"Wifi, ingia unywe chai."

"Chai yako ninywe mimi?" Restuta akatema mate pembeni, akaenda zake. Maneno yale yalimchoma Pelagia kuliko kitu chochote, na usiku ule... la, tusiseme habari za usiku. Asubuhi aliamka, akachukua mundu, akaenda kukata majani.

* * *

Sasa msomaji naomba uangalie jinsi raia mtiifu anavyofanya kazi.

Mwongozo wa Wizara ulikuwa na kurasa sitini, na Pelagia aliufuata wote. Mwongozo ulisema ni marufuku kugeuza biwi, kwa kuwa kugeuza ni kurudi nyuma. Hakugeuza. Teofili angegeuza mara tatu, ili kila upande upate zamu ya kukaa katikati ya joto na mbegu za magugu zife. Mwongozo ulisema kila mzigo wa samadi uwe na Hati ya Safari inayoonyesha umetoka kwa ng'ombe gani na unakwenda sehemu gani ya Uso. Pelagia akaomba hati za kutosha.

Na kwa kuwa mwongozo haukusema neno juu ya ng'ombe ale nini, hapo alijitawala.

Ng'ombe wawili, Madoa na Nyange, aliwalisha mtama pori uliokomaa, masuke yamejaa mbegu. Kinyesi chao alikilundika peke yake na kukiandikia: Sikio la Kulia, Sikio la Kushoto. Wengine wawili aliwapa kishona nguo, yale majani ambayo mbegu zake hukung'ang'ania kwenye nguo mpaka ufike nazo nyumbani. Chao kikaandikwa Kidevu. Wa tano, ng'ombe mzee aitwaye Shubiri, alipewa mchicha pori mwekundu, mashina yenye mbegu nyingi kuliko majani. Cha huyo kikaandikwa Pua.

Aliwalisha kwa majuma matatu, na kila alipowatilia majani aliwaambia, "Kuleni, mama zangu. Kuleni, kuna sherehe." Hakuwa amecheka tangu msiba. Siku Shubiri alipoacha mzigo mkubwa katikati ya zizi, Pelagia alicheka mpaka akashika nguzo.

Gervasi alikuja kugonga mihuri. Alizipitia zile hati, akafika kwenye biwi la Kidevu, akachukua kipande cha samadi na kukivunja vidoleni kama Teofili alivyomfundisha. Mbegu za kishona nguo zilikuwamo, nyeusi, nyembamba, nzima kabisa.

"Mama," alisema taratibu, "hii..."

"Hii imefanya nini, mwanangu? Haijaiva?"

Gervasi akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, lakini katika nchi ile hiyo haikuwa sababu ya kusema ukweli. "Imeiva sana, mama," alisema, akagonga muhuri. Kisha akasimama kidogo mbele ya zizi, akavua kofia yake ya kazi, akaivaa tena, akaondoka.

* * *

Siku ya ishirini na moja Mheshimiwa Tunukiwa alikuja mwenyewe na wapiga picha. Pelagia alimkaribisha kwa vigelegele, akamwomba kitu kimoja tu, kwamba Mheshimiwa achomoe kijiti kwa mkono wake, ili taifa lione.

Biwi lile halikuwa limegeuzwa, kwa hiyo katikati lilikuwa linachemka na pembeni lilikuwa bichi. Mheshimiwa akakunja mkono wa shati, akachomoa. Watu waliokuwa karibu wanasema ulisikika mlio mdogo, kama wa nyama ikigusa kikaango. Uso wake ukabadilika rangi, machozi yakamlenga, lakini tabasamu halikuondoka, maana kamera zilikuwa zinamtazama.

"Mheshimiwa," alisema Pelagia kwa upole, "imeiva?"

"Ime... imeiva," alisema Mheshimiwa. "Imeiva kabisa."

"Basi tuandikie, mzee wetu, tuwe na kumbukumbu."

Akaandika Cheti cha Kuiva kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefichwa mfukoni. Wino ulikuwa wa kijani. Pelagia alipiga magoti akakipokea kwa mikono miwili.

* * *

Mboga za Uso wa Taifa zilipandikizwa kwenye samadi ile na nyingine ya siku ishirini na moja kutoka mazizi ya serikali, kila mzigo mahali pake, sawasawa na Hati ya Safari. Bila utaratibu wa Wizara, mwanamke mmoja wa kijijini asingeweza kabisa kufikisha kinyesi cha Shubiri kwenye pua ya Mlezi Mkuu.

Juma la kwanza kabichi zikanywea. La pili zikawa njano, la tatu zikaungua kabisa. Juma la nne vitu vingine vikaota.

Vibarua wa uwanda ule walitoka mikoani na walijua magugu wakiyaona. Lakini mwongozo, ukurasa wa arobaini na moja, ulisema samadi iliyoiva haina mbegu za magugu. Kwa hiyo magugu hayakuwepo. Anayepalilia kitu ambacho hakipo anakanusha kuiva kwa samadi, na kila mtu alijua Gereza la Mavuno liko wapi. Wakakaa kivulini na majembe yao, wakayatazama magugu yakikua. Katika taarifa za kila juma, Gervasi aliyaita mazao ya ziada. Mheshimiwa Tunukiwa hakwenda kuangalia. Alikuwa na taarifa, na mkono wake ulikuwa kwenye bandeji.

Siku ya Jubilei Pelagia alikuwa uwanjani na kofia yake, katika safu ya mbele ya Wananchi Walioelimika. Helikopta ikapaa na Mlezi Mkuu, na Mheshimiwa Tunukiwa pembeni yake akiwa na hotuba tayari. Yaliyosemwa humo rubani alimsimulia mkewe, na mkewe akalisimulia soko zima.

Helikopta ilizunguka mara ya kwanza. Chini palikuwa na uso mkubwa wa ekari arobaini. Ngozi yake ilikuwa imeungua na kubaki mabaka kama ya ukoma. Pua ilikuwa nyekundu kama ya mlevi wa miaka mingi. Kidevuni ziliota ndevu chafu, na pande zote mbili za kichwa yalisimama masikio marefu ya mtama pori, yakiyumba na upepo, masikio ya punda hasa. Midomo ya vitunguu peke yake ndiyo iliyonusurika, nayo ilikuwa inatabasamu.

"Yule ni nani?" akauliza Mlezi Mkuu.

Mheshimiwa Tunukiwa alifikiri kwa haraka, kama ilivyompasa. Akisema ni wewe, ametukana. Akisema sijui, ameshindwa kazi.

"Ni rais wa nchi jirani, Mtukufu."

Helikopta ikazunguka mara ya pili. "Na kwa nini," aliuliza Mlezi Mkuu, "rais wa nchi jirani amepandwa shambani kwangu?"

Waliposhuka, Mlezi Mkuu alitaka kuliona jambo hilo kwa karibu, akatembea kwa miguu katikati ya kidevu chake mwenyewe. Alipotoka upande wa pili, suruali yake nyeupe ilikuwa nyeusi kwa kishona nguo kutoka viatuni mpaka mapajani. Walinzi kumi na wawili wakapiga magoti kumchambua mbele ya mabalozi. Hapakuwa na aliyethubutu kucheka, isipokuwa balozi wa nchi jirani, ambaye alipewa saa tatu za kufungasha.

Pelagia alikuwa akipunga bendera yake. Alihisi kitu kitamu kikimpanda kifuani, akakiacha kiendelee kupanda.

* * *

Kesi ilikuwa fupi, kama kesi zote za nchi ile. Hakimu alimtaka Mheshimiwa Tunukiwa aeleze uso umeharibikaje. Kulikuwa na maelezo ya namna moja tu duniani, nayo yalikuwa ya kweli, na mtu akibanwa hata ukweli huukimbilia.

"Samadi ilikuwa haijaiva," alisema.

Karani akaacha kuandika, akamtazama hakimu. "Niliandike hilo, mheshimiwa?"

"Liandike."

Pelagia akaitwa. Alisimama kizimbani na Cheti cha Kuiva mkononi, akakisoma kwa sauti mpaka kwenye sahihi. Hakimu akamwuliza kama yeye kwa maoni yake samadi ilikuwa imeiva.

"Mimi ni mwanamke wa kijijini, baba. Sina maoni. Siku ishirini na moja zilitimia, na Mheshimiwa alichomoa kijiti mwenyewe akasema imeiva. Nani mimi nimkanushe?"

Kwa kosa la Kukanusha Kuiva, kwa mujibu wa Azimio alilolitunga yeye mwenyewe, Fulgensi Tunukiwa alihukumiwa siku ishirini na moja katika Gereza la Mavuno. Alipopitishwa mbele ya benchi la mashahidi alimwangalia Pelagia, na hapo ndipo alipoelewa kazi ilikuwa ya nani. Wakati wote ule alikuwa hajawahi kumtazama.

Jioni Restuta alikuja na kuku kwapani. Alisimama mlangoni.

"Wifi," alisema Pelagia, "chai imeshapoa. Ingia nikupashie."

* * *

Waziri mpya wa Haraka alikuwa na kazi nyingi na hakutaka kukaa akijaza fomu za wafungwa. Alitafuta mtu wa kumwachia, mtu ambaye hajawahi kukanusha kuiva kwa kitu chochote, na katika kumbukumbu zote za taifa akapatikana mmoja mwenye cheti. Basi Pelagia akateuliwa Mkaguzi wa Kuiva, akapewa muhuri, kidau cha wino na kalamu.

Siku ya ishirini na moja alikwenda Gereza la Mavuno na kijiti kipya alichokichonga asubuhi ile. Tunukiwa aliletwa mbele yake. Alikuwa amekonda, mikono imechubuka, ananuka zizi. Sauti yake ilibaki nzuri.

"Mama Pelagia. Nina mke na watoto."

"Najua, baba. Nilimwona mkeo kwenye benchi la Wizara. Anakaa pale pale nilipokaa mimi."

"Ile fomu ya mumeo sikuisoma. Nakuapia. Nilikuwa na haraka."

"Hukuisoma," alisema Pelagia, "ila uliiandika." Akaitoa katika kopo la majani ya chai alilokuja nalo, akaikunjua, akamwonyesha wino wake wa kijani. Mara hii Tunukiwa akaisoma.

Nyuma yake lilikuwapo biwi alilolipanga kwa mikono yake katika siku zile ishirini na moja. Pelagia alikichomeka kijiti ubavuni, wakakaa juu ya ndoo mbili zilizofudikizwa, wakangoja. Askari jela alitaka kuwakumbusha kwamba kungoja kumepigwa marufuku, lakini akaona muhuri, akaacha.

"Haya, chomoa," alisema Pelagia baada ya muda.

Akachomoa. Kijiti kilitoka na moshi. Alikishika kwa vidole vyenye kovu la kile kingine, akakihamisha mkono huu na huu.

"Sasa liambie taifa."

Mwanamume yule akapima maneno yake. Akisema imeiva, moto ulikuwa mkononi mwake na shahidi ameketi mbele yake. Akisema haijaiva, ametenda tena kosa lile lile. Alimtazama Pelagia usoni kutafuta mahali laini. Ningependa kusema alipaona, kwa sababu wasomaji wa nchi nyingine hupenda msamaha. Pelagia alikuwa anakumbuka kifua cha Teofili, jinsi kilivyokuwa kikilia wakati wa baridi.

"Bado," alisema Tunukiwa, polepole, na ilikuwa mara ya kwanza kuonekana akifanya jambo polepole. "Bado haijaiva, mama."

"Ahsante," alisema Pelagia. Akachukua kalamu, na mahali pa maelezo ya Mkaguzi akaandika neno lile lile moja kwa wino wa kijani. Alipuliza wino ukauke, akagonga muhuri, akamkabidhi askari. "Nimeandika alivyosema mwenyewe. Nitarudi baada ya siku ishirini na moja."

Alipofika nyumbani Restuta alikuwa nyuma ya nyumba, amesimama kando ya lile biwi la siku ya mazishi. Pelagia alikuwa ameligeuza mara tatu, na sasa lilikuwa na miezi mitano. Pelagia alikichomoa kijiti cha Teofili, akakishika, akakinusa, akampa wifi yake. Kilikuwa cha baridi, kinanukia udongo wa msituni.

"Hii imeiva," alisema Restuta. Akakifuta kijiti kwa kanga yake. "Na yule?"

"Yule bado."

"Mpaka lini, wifi?"

Pelagia alikuwa ameshachukua beleshi. "Lete karai," alisema, "tuanze na migomba ya kaburini."